Trekta la Theluji Katika Mbuga ya Didia

Didia,
Shinyanga.
Mwezi wa sita, baada ya mavuno.

Mdogo wangu mpendwa Adam,

Marahaba. Naitikia kabla hujanisalimu, maana najua ungekuwa hapa ungesema shikamoo dada kabla hata hujatua begi. Hujambo huko Uswidi? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Uliniambia siku hizi jua linachelewa kuzama na mnalala kukiwa bado kweupe. Namwomba Mungu usingizi ukupate hivyo hivyo. Sisi huku tunaendelea. Mama anatembea, anakula kidogo, amekonda. Wanangu wanasoma. Habari nyingine zinataka nafasi, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Barua hii nampa Mama Mchungaji Salome, anayekuja huko kwenu kwenye mkutano wa kanisa. Nimemwomba akukabidhi mkononi, tena akukute umekaa. Usiniulize kwa nini sikukutumia ujumbe wa sauti kama kawaida yetu. Nimejaribu mara nyingi. Nabonyeza, nataja jina lako, kisha nafuta. Soma polepole, mdogo wangu, usikimbilie ukurasa wa mwisho. Nataka uyapate mambo kwa mpangilio yalivyotupata sisi.

Sijawahi kukusimulia vizuri siku trekta lako lilipofika. Lilishushwa pale barabarani kutoka kwenye lori lililochukua vitu vya kontena la kanisa, na watu walicheka. Walikuwa wamezoea yale matrekta makubwa yanayokodishwa kutoka mjini, wakasema hili ni ndama, mama yake yuko wapi. Baba hakucheka. Alilizunguka taratibu kama anavyomzunguka ng'ombe mnadani, akashika tairi, akainama kutazama chini. Aliniuliza lilikuwa likifanya kazi gani huko lilikotoka. Nikamwambia ulivyonieleza, kwamba lilikuwa likisukuma theluji kwenye njia za makaburini, pale kanisani unapofanya kazi, na waliponunua jipya wakakupa wewe hilo la zamani. Baba akafikiri, akasema trekta lililowasafishia njia wafu wa Wazungu haliwezi kukataa kuwalimia walio hai wa Didia. Watu wakacheka tena, safari hii pamoja naye.

Haikupita muda akapeleka maksai wake Kahama na kuwauza wote. Mama alimsihi abakize hata wawili, akamkumbusha kwamba mtu haachi mbachao kwa msala upitao. Baba akamjibu kwamba tangu utotoni amekuwa akifuata mikia ya ng'ombe, na kabla nguvu hazijamwisha anataka naye alime akiwa amekaa. Hukulijua hilo la maksai. Alitukataza kukwambia, alitaka ukirudi ukute zizi limegeuzwa kuwa banda la trekta.

Kwangu mimi trekta lile lilileta jambo kubwa kuliko kilimo. Lilimrudisha Onesmo. Unajua shemeji yako alivyokuwa Geita, akiendesha malori ya mawe ya wachimbaji, anakuja nyumbani kama mgeni, anakohoa vumbi, anaondoka. Baba alipompigia simu na kumwambia kuna trekta na hakuna dereva, alirudi na godoro lake. Sikuwahi kumwona akirudi na godoro. Mwezi ule wa kwanza alilima kule juu kwenye udongo wa kichanga, kwetu na kwa majirani, na trekta lilikwenda kama limezaliwa hapa. Jioni alikaa na Baba wakipanga mambo yao: mwakani watalima majaruba yote ya mpunga kule mbugani, Adam naye mkataba wake utakuwa umekwisha, atarudi, wataongeza tela. Mimi nilikuwa napika nikiwasikiliza. Nilianza kuamini.

Kisha mvua. Zilichelewa mpaka watu wakakata tamaa, halafu zikaja zote kwa pamoja. Mbuga unaijua mwenyewe. Udongo ule mweusi ukikauka unapasuka nyufa mpaka mguu wa mbuzi unazama, na ukilowa unakuvua kiatu na kukushika mguu. Miche ya mpunga ilikuwa tayari kwenye kitalu, inatakiwa kuhamishwa kabla haijazeeka, na majaruba bado hayajavurugwa kuwa tope la kupandia. Onesmo akaingiza trekta. Halikufika hata katikati ya jaruba la kwanza. Matairi yale mapana na laini, yaliyotengenezwa yasiharibu nyasi za watu, yalizunguka palepale yakijipaka tope mpaka meno yake hayakuonekana tena. Kadiri alivyokanyaga mafuta, ndivyo yalivyochimba. Tukalisukuma mpaka usiku ukatunyima kuonana.

Hapo ndipo tulipokupigia, nawe ukatutumia zile video. Ulikuwa umevaa koti nene, mvuke unakutoka mdomoni, nyuma yako kila kitu cheupe. Ulituonyesha jinsi mnavyofanya huko wakati wa baridi trekta lisiteleze: mnapunguza upepo tairi litandae na kushika chini, mnatia maji ndani ya tairi liwe zito, mnaning'iniza uzito nyuma, mnafunga minyororo, na dereva anakanyaga lile kanyagio linalolazimisha magurudumu ya nyuma yote mawili yazunguke pamoja. Baba aliitazama video ile mpaka akaijua. Uliposema maji hayo mnayachanganya na chumvi yasigande ndani ya tairi, alicheka hadi akafuta machozi. Alisema mwanangu anaishi mahali ambapo hata maji ya ndani ya tairi yanahitaji blanketi.

Tulifanya yote, Adam. Tulipunguza upepo, na kwa siku moja tulidhani tumepona, maana lilitoka pembeni ya jaruba na kuingia ndani bila kusukumwa. Kisha likazama. Tukajaza maji kwenye matairi, tukafunga mawe nyuma. Likawa zito na likazama zaidi. Onesmo ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema kule kwa Adam, chini ya theluji kuna ardhi ngumu, ukiongeza uzito tairi linaifikia. Huku, chini ya tope kuna tope lingine. Tukapunguza mawe. Tukafunga minyororo, ile mizito aliyoipata kwa wenye malori. Siku ya mvua nyepesi ilishika. Udongo ulipokuwa mzito, ulijaa katikati ya minyororo na kukaza, tairi likarudi kuwa laini kama mtungi. Tulikuwa tunashuka na vijiti kukwangua, tunapanda, tunakwangua. Majirani wenye ng'ombe walikuwa wanamaliza kupanda. Miche yetu ilianza kuwa ya njano kwenye ncha.

Ndipo Onesmo akapima matairi kwa kamba, akaenda Kahama kwa mchomeleaji mmoja, akarudi na magurudumu ya chuma, yale ya duara lililo wazi lenye mapanga ya kukanyagia, kama ya pawatila, vile vitrekta vya kusukuma kwa mkono, ila makubwa. Tukayafunga pembeni ya matairi. Adam, siku ile ungeiona! Trekta liliingia kwenye maji na kutembea. Halikukimbia, lilitembea, mapanga yakikata tope na kuligeuza, na nyuma yake jaruba likabaki laini kama uji. Baba alitembea kandokando yake kwenye kingo akiimba ule wimbo wake wa kulimia ng'ombe, anawataja maksai aliowauza kwa majina. Wanawake tuliingia nyuma na miche, tukapanda tukicheka. Kabla ya jioni tulikuwa tumemaliza nusu. Ile picha uliyonayo, ambayo Baba amekaa kwenye kiti cha trekta amenyanyua kofia, niliipiga siku hiyo. Alikuwa amemwomba Onesmo amfundishe, akaliendesha kwenye kingo akaenda na kurudi. Jioni aliniambia, "Nyamizi, leo nimelima nimekaa."

Kesho yake tulifika yale majaruba ya chini, karibu na mto, ambako maji husimama. Mapanga yalikata, yakakata, hayakupata mahali pa kukanyaga. Trekta likakaa chini mpaka ekseli ikalala juu ya tope. Tulichimba kwa majembe, tukaweka matawi, halikutikisika. Mawingu yalikuwa yanajikusanya tena upande wa Nindo. Onesmo akasema kule Geita, gari likizama kwenye njia za mgodini, huwa wanafunga gogo kwenye magurudumu ya nyuma kwa mnyororo, gari likiondoka gogo linapita chini na kulinyanyua. Alisema amefanya hivyo mara nyingi kwenye lori. Wote tuliona ni sawa. Mimi mwenyewe nilikwenda kushika upande mmoja wa lile gogo.

Onesmo alikuwa chini kwenye tope, anakaza mnyororo na kutazama gogo lisichomoke. Ilibidi mtu akae kwenye usukani. Baba akapanda. Onesmo alimwambia, "Baba, shuka, ngoja nimalize nipande mimi." Baba akasema yeye ataliondoa polepole tu, Onesmo aangalie gogo. Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyekataa kwa nguvu. Mvua ilikuwa inakuja.

Alikanyaga mafuta. Gogo likafika chini likakwama, magurudumu yakashindwa kuzunguka. Injini ikabaki haina cha kugeuza ila trekta lenyewe. Niliona matairi ya mbele yananyanyuka. Nilidhani linatoka. Nilipiga hata kigelegele, Adam, na sauti ile ninayo mpaka leo masikioni. Liliendelea kunyanyuka mbele, likasimama, likaanguka chali. Onesmo alirukia pembeni. Baba hakuruka.

Nilijiambia tope ni laini, litampokea. Lilimpokea. Tulichimba kwa mikono, wanawake na wanaume, na kila tulichochota kilirudi. Majirani walileta ng'ombe zao, wakafunga kamba, wakalivuta trekta likaegemea upande. Alikuwa hai. Macho yalikuwa wazi kwenye uso uliojaa tope. Aliuliza kama injini imezimwa. Nikamwambia imezimwa, Baba. Akasema vizuri, dizeli ni ya watu, bado hatujailipa. Akaomba maji.

Pikipiki haikuweza kuingia mbugani. Gari la mwalimu mkuu lilijaribu, likazama mbali sana na tulipokuwa. Wakaleta kitanda, wakambeba mabegani kukatiza yale majaruba, wanateleza, wanaanguka, wanasimama, mvua imeshaanza. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wake. Sijui ni wapi ulipoacha kunishika. Tulipofika barabarani Mama alikuwa amesimama na shuka, akamtazama mara moja tu, akamfunika.

Adam, Baba hayupo. Amezikwa pale kando ya zizi, upande wa mashariki, tangu wakati wa mvua.

Najua sasa umeiweka barua chini. Kaa nayo. Ukiweza kuendelea, endelea.

Kila ukipiga simu ukaambiwa amelala, au ameenda Nkome kumwona shangazi, au masikio yake hayasikii vizuri kwenye simu, ulikuwa unaambiwa uongo, na mimi ni mmoja wa waliousema. Ulipiga simu siku ya tatu ya msiba. Uwanja umejaa watu, wanaimba, nawe ukauliza kuna nini mbona kelele, nikakujibu kuna harusi kwa jirani. Ukasema wasalimie maharusi. Baba Mkubwa alikuwa ametuita ndani na kutuambia usiambiwe. Alisema utaacha kila kitu uje, vibali vyako huko havijakamilika, ukitoka hutaingia tena, na kuja kwako hakutamfufua mtu. Alisema msiba umeshamchukua mmoja, tusiupe na wa pili. Wazee wote wakakubali. Mama hakusema kitu, na kunyamaza kwake wakakuhesabu kuwa ndiyo. Walipanga uje kuambiwa uso kwa uso utakaporudi. Lakini wewe huko unahesabu miezi ya kurudi. Wiki iliyopita ulimwambia Mama umeshaanza kununua vipuri. Nikaona siwezi tena.

Umeshafika hapa, kwa hiyo nitakwambia na yaliyobaki. Wiki za kwanza nilikulaumu. Niliwaza kwamba usingetuma kile chuma, Baba angekuwa nyuma ya ng'ombe zake, amechoka, yu hai. Niliichukia ile video na lile koti lako. Kisha nikamlaumu Onesmo kwa sababu ya gogo. Kisha nikajilaumu kwa sababu ya upande nilioushika. Sasa hivi sina hata nguvu ya kumlaumu mtu. Mama Mchungaji ananiambia hiyo ni amani. Mimi nadhani ni uchovu tu. Hukutuambia tufunge gogo. Uliyotufundisha yote yalikuwa ya kweli kwa ardhi ya huko. Hilo nataka ulishike hata siku ambayo hutaliamini.

Onesmo alikaa mpaka matanga yalipoisha. Hakuna aliyemtamkia neno baya mbele yake, ila watu walikuwa wananyamaza akipita, na yeye alikuwa anasikia ule ukimya. Asubuhi moja nikakuta godoro halipo. Nilimfuata. Nilipanda basi hadi Kahama, nikaunganisha hadi Geita, nikamtafuta kwenye machimbo mpaka nikamkuta. Haendeshi tena. Amekataa kushika usukani wowote. Anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, pamoja na wachimbaji, tena yale ya chini kabisa ambayo wenzake wanayaogopa. Nilimwambia watoto wanamuuliza, na Mama hana kinyongo naye. Alinisikiliza, uso mweupe kwa vumbi la mawe. Akanijibu, "Mama Vumilia, pale nyumbani kila nikifungua mlango naiona mbuga." Akaninunulia chakula, akanisindikiza kituoni, akasimama mpaka basi likaondoka. Siku hizi simu yake haipatikani. Sijui kama ni mtandao wa kule chini au ni yeye mwenyewe.

Majaruba ya juu, tuliyopanda siku ile, yalitoa mpunga kidogo. Ya chini hayakupandwa. Miche ilizeeka kitaluni, tukaifungulia mbuzi. Trekta liko palepale. Tulipolivuta kumtoa Baba tuliliacha limeegemea upande, na hakuna aliyerudi kulishika. Sasa tope limekauka, limelibana magurudumu na lile gogo pamoja, limekuwa gumu kama saruji, na nyufa zimeanza kufunguka kulizunguka. Betri imeshaibwa. Baba Mkubwa anasema mvua zikija litalegea tuweze kulitoa. Anasema hivyo ili mtu awe amesema kitu. Mwaka huu tutalima kwa jembe la mkono pale tutakapofika, mimi na Mama na Vumilia akitoka shule.

Sikuandikii ili urudi. Wala sikuandikii ili ubaki. Nimelifikiria sana hili, nikitafuta lipi nikushauri kama dada yako mkubwa, na sina. Ukirudi utakuta kaburi, mbuga, na Mama ambaye kila jioni bado anatenga sahani moja zaidi, akigundua anaigawa kwa watoto kana kwamba alikusudia. Ukibaki, utakuwa umebaki. Kibali chako kikikamilika uje umwone Mama, kama atakuwepo. Usije kwa sababu ya trekta. Ile mipango waliyokuwa wakiipanga jioni imekwisha, na kwa vyovyote vile siwezi kukupangia mingine.

Kitu kimoja tu nakuomba. Mama hajui kwamba nimekuandikia, na ninaogopa akijua. Jumapili utapiga simu kama kawaida. Utamuuliza hali, kisha habari za Baba, na yeye atakwambia kwamba Baba amelala. Usimkatize, Adam. Usimwambie unajua. Anapolisema lile neno anashusha sauti, anatoka nje na simu asije akamwamsha. Mwache alale.

Mama Mchungaji amesema atakaa nawe siku hiyo, usimfukuze. Kula, hata kama huna hamu. Watoto wanakusalimu, Vumilia anasema shikamoo mjomba na anaomba picha ya theluji. Shangazi wa Nkome anakusalimu. Mama anakusalimu kila siku, unajua. Wabeja kwa kunisikiliza mpaka hapa.

Ni mimi dada yako,

Nyamizi, binti Magesa.